Udhalilishaji na Dharau ya Rangi: Kazi Iliyo Mbele Yetu Baada ya Miaka Kumi

(Hotuba ya wanachama, iliyosomwa na Katibu kwa niaba yao katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Pemba)

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii tukiwa wazima. Miaka kumi iliyopita tulikuwa na sanduku moja la bati, kufuli tatu na washika funguo watatu, na wako waliosema hatutamaliza hata mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Leo hisa zinanunuliwa, mikopo inalipwa, na watoto wanakwenda skuli kwa pesa ya mwani, ya ukili na ya maandazi. Habari za fedha Mweka Hazina wetu amezieleza katika kurasa nyengine za kijitabu hiki, kwa hivyo hatutazirejea.

Tunaomba ruhusa yenu tuseme jambo ambalo haliandikwi kwenye daftari la hisa. Nalo ni mwanamke mwenzetu aliyedhalilishwa, na pamoja na kudhalilishwa akatukanwa rangi yake. Sisi tunaona mambo haya mawili ni mamoja. Anayempiga mwanamke huwa kwanza amejiambia kuwa huyu si mtu kamili. Basi atakayetaka kuondoa kipigo na aanze na neno lililokitangulia.

Ndugu wageni, nyote mnajua wasichana wetu wanavyosafiri. Anatoka Konde, anatoka Kengeja, anatoka Chake, anapanda boti hadi Unguja, na baada ya siku chache yuko Ghuba anafanya kazi za ndani. Wako waliokutana na watu wema, tena wengi. Nyumba za matofali zimejengwa hapa kwa pesa yao, na hata hisa za kikundi chetu baadhi zimenunuliwa kwa pesa hiyo. Wako pia ndugu zetu wanaoishi Maskati waliomsitiri msichana asiyemjua, kwa kuwa tu alisikika akisema Kiswahili cha Pemba. Hatuwezi kuwakosea fadhila.

Lakini wako walioumia. Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walihojiwa wanawake 50 waliowahi kufanya kazi hizo. Walieleza kunyang'anywa paspoti, kufanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku, kupewa mshahara pungufu au kutopewa kabisa, kupigwa, na kudhalilishwa kijinsia. Mzizi mmoja wa mambo haya ni utaratibu uitwao kafala. Ruhusa ya mfanyakazi ya kuishi katika nchi ile imefungwa kwa tajiri wake, na akiondoka bila ya idhini yake anaweza kushitakiwa kuwa ametoroka. Na Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaacha nje kabisa wafanyakazi wa ndani. Aliyeumia akawa hana pa kushitaki ila kwa yule yule aliyemuumiza.

Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye kwa ridhaa yake tunasimulia bila ya kumtaja, alirudi kutoka mji mmoja wa Ghuba kabla mkataba wake haujamalizika. Alitengewa sahani yake na kikombe chake, vikawekwa chini ya sinki pamoja na sabuni. Alikatazwa kukaa juu ya kiti. Jina lake hakuitwa hata siku moja, aliitwa mtumwa kwa lugha yao, hata mtoto wa miaka minne alimwita hivyo. Alipodai mshahara wa miezi mitano alimwagiwa maji ya moto mkononi.

Alipofika nyumbani watu walimuuliza amekuja na nini. Walipoona hakuja na kitu, wengine walisema, "Atakuwa kafanya jambo huyo." Katika mikutano yetu akawa anakaa mlangoni, penye viatu. Na siku moja, wanawake wanachambua karafuu, mmoja akasema kwa kicheko kuwa Waarabu wamekosa nini hata wachukue kipilipili kile. Kakimbia neno kule, kalikuta hapa linamsubiri.

Hapo ndipo tulipoona kuwa hatuwezi kuilaumu Ghuba peke yake.

Jamani, neno hili lina asili yake katika ardhi hii tunayoikanyaga. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na baada ya hapo kisiwa chetu kikawa ndio shamba kuu la karafuu. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma wengi walikuwa watu waliotekwa bara, Wayao, Wanyasa na wengineo. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hata hivyo majahazi yaliendelea kuwashusha watu kwa magendo katika hori zetu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuuondoa utumwa kisheria. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu, na ilimbidi aende mwenyewe kuuomba uhuru wake.

Na masuria, yaani wanawake waliowekwa kinyumba na mabwana, hawakuingizwa katika amri ile, isipokuwa mwenye kuthibitisha kuwa anatendewa ukatili. Walisubiri mpaka mwaka 1909. Tunaomba akina mama mlizingatie hilo. Miaka kumi na miwili mwanamke alibaki nyuma, na aliambiwa alete ushahidi wa mateso yaliyofanyika ndani, mlango umefungwa, yeye na bwana wake tu. Je, leo hatumwambii hivyo hivyo? Anapokwenda kushitaki, suali la mwanzo si ndilo hilo: nani kaona?

Watumwa waliachwa huru, lakini maneno hayakuachwa. Mnayajua: mweusi kama masizi, nywele za kipilipili, sura ya kitumwa, hatumuozi pale hatujui asili yao. Watu huyasema kwa mzaha, na mtoto huyashika kama anavyoshika nyimbo. Bi Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kule Unguja katika ukoo wa watumwa, alipewa jina la Mtumwa alipokuwa mdogo. Waliomhusudu walimcheka kuwa katoka shamba na kaniki yake. Ni yeye aliyefika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika pwani yote. Na katika nyimbo zake umo "Kijiti", unaomhusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alikimbilia bara, na wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi wakatiwa hatiani wao. Mahakama ilipoifunga kesi, Bi Siti aliiimba. Huo ndio utetezi, na ulifanywa na mwanamke aliyedharauliwa kwa asili yake.

Tuseme pia, ili tusiwe wapimaji wa mizani mbovu, kuwa dharau ya asili haikai upande mmoja. Mwaka 1970 hapa Zanzibar wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa viongozi wa wakati ule. Waliofanya vile walikumbuka dhuluma za zamani, lakini waliolipa ni mabinti wasio na hatia. Watu wakigombana kwa rangi, mara nyingi deni hupelekwa kwa mwanamke.

Dini yetu imekwishalimaliza jambo hili. Katika hotuba yake ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijria, Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa uchamungu. Na Sahaba mkubwa, Abu Dharr, alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume alimwambia kuwa ndani yake bado umo ujahili. Kama Sahaba alikanywa, nani kati yetu atasema neno lile ni mzaha tu?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maneno matupu hayavunji mfupa. Tunaeleza sasa tunayoyafanya, ili na vikundi vyengine vichukue litakalowafaa.

Kwanza, kabla ya safari. Mwanachama au binti wa mwanachama akitaka kusafiri, hatumkatazi. Tunamwambia aende kwa wakala aliyesajiliwa na mkataba upitie ofisi ya kazi ya serikali. Nakala ya mkataba, ya paspoti, na jina na simu ya tajiri wake vinawekwa ndani ya sanduku letu, chini ya kufuli tatu. Tunapatana naye neno la siri. Akiuliza katika simu, "Mkarafuu wa uani umechanua?" tunajua yuko hatarini, hata kama tajiri yuko pembeni anasikiliza. Sentensi hiyo tumeshaibadilisha, kwa hivyo msihangaike kuikariri.

Pili, akirudi. Hatumuulizi kaja na nini. Anapokewa, anakula, analala. Wanachama wawili tu ndio wanaosikiliza habari yake, naye anaisema mara moja, hazungushwi kwa kila mtu. Akitaka kushitaki tunafuatana naye mpaka Kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Chake Chake, Dawati la Jinsia la polisi, au Kituo cha Huduma za Sheria, na nauli inatoka katika mfuko wa jamii. Pesa hiyo si mkopo, hairejeshwi. Asipotaka kushitaki, hatumlazimishi. Siri ni yake.

Tatu, udhalilishaji wa hapa hapa, kwani mwingi hautoki ng'ambo. Tumefundishana kuwa aliyebakwa asioge wala asifue nguo kabla ya kuonekana na daktari, nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, na awahi hospitali mapema, kwa kuwa dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI inafaa ikianza ndani ya saa 72. Kesi nyingi hupotelea kwenye beseni la kufulia, na nyengine hupotelea barazani, wazee wanapokaa kuzimaliza kifamilia. Mtoto aliyebakwa hana suluhu ya kifamilia. Anayo haki yake.

Nne, maneno. Katika mikutano yetu neno la kudharau rangi au asili ya mtu lina faini, sawa na faini ya kuchelewa. Mwanzo watu walicheka. Sasa daftari la faini halina kitu kwenye safu hiyo, na tunafurahi kwa hasara hiyo. Walimu wa madrasa wawili wamekubali kuwasomesha watoto kisa cha Abu Dharr na cha Bilal kwa kueleza hasa maana yake. Tunataka skuli nazo, zinaposomesha habari za karafuu, zisiishie kwenye bei na uzito. Zisomeshe pia ni mikono ya nani iliyopanda.

Mwenzetu yule tuliyemsimulia alifuatana nasi kwa wakala na katika ofisi za serikali kwa zaidi ya mwaka. Amepata mshahara wa miezi miwili kati ya mitano. Aliyemwagia maji ya moto hajaulizwa na mtu mpaka leo. Hatuwezi kukudanganyeni kuwa tumeshinda. Lakini mwaka jana wanachama walimchagua kuwa mshika ufunguo mmoja kati ya mitatu. Bila yeye sanduku halifunguki, na sasa anakaa mezani.

Maombi yetu kwako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni matatu. Serikali iwafuatilie mawakala wasiosajiliwa, ambao huonekana siku ya kuchukua pesa tu. Ubalozi wetu uwe na mtu wa kupokea simu ya msichana aliyefungiwa, tena kwa Kiswahili, usiku na mchana. Na kesi za udhalilishaji hapa Pemba zisikilizwe kwa haraka, kwa sababu shahidi akizungushwa miaka miwili huchoka, na akichoka mkosaji hutoka.

Kwa wanachama tunalo moja tu. Miaka kumi tumejifunza kuwa kufuli moja haitoshi kulinda mali, ndiyo maana tukaweka tatu. Heshima ya mwanamke nayo haitalindwa na mtu mmoja. Anahitaji mwenye kumsikiliza, mwenye kufuatana naye, na mwenye kulikanya lile neno linapotoka mdomoni mwa mtu wake wa karibu. Kila mmoja wetu ajiulize leo ameshika ufunguo upi.