Diski ya Nakala Rudufu Inapojaa



Leo tumechagua kuzungumzia jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya kupata hasara: nini hutokea pale diski ya kuhifadhia nakala rudufu inapojaa.

Mtu hununua diski ya nje, fundi humwekea programu ya kunakili, naye hurejea dukani kwake akiwa ametulia. Siku itafika diski itajaa. Hapo programu itaacha kunakili, au itafuta nakala kongwe ili kupata nafasi ya mpya. Yote mawili huweza kutokea pasipo mwenye mali kutambua.

Time Machine ya kompyuta za Apple hufuata njia ya pili. Huweka nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila juma kwa miezi ya nyuma. Diski ikijaa, zile kongwe huondolewa. Kwa picha za harusi ambazo bado zimo ndani ya kompyuta, hakuna madhara. Kwa faili iliyofutwa mwaka juzi kwa imani kwamba ipo kwenye diski, huenda huo ukawa ndio mwisho wake.

Programu za ofisini, kama Bacula, hugawa hifadhi katika mafungu. Kila fungu hupewa muda wa kutunzwa. Muda ukiisha na nafasi ikihitajika, fungu hilo huandikwa upya. Mpangilio usipobadilishwa, muda huo ni mwaka mmoja. Hapa tunawaomba wafanyabiashara watege sikio. Sheria za kodi za Tanzania, kama zile za Kenya, humtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Aliyeondoa ankara za zamani ili kompyuta yake iwe nyepesi, akaiacha programu katika mpangilio iliokuja nao, huenda akaulizwa mauzo ya miaka mitatu iliyopita asiwe na karatasi wala faili.

Wapo wanaofungua diski na kufuta faili kubwa kuliko zote. Tunawasihi msifanye hivyo. Mara nyingi hiyo ndiyo nakala kamili, na ndogo zinazoifuata hubeba mabadiliko tu; kubwa ikiondoka, ndogo hazina tena cha kushikilia. Futeni kupitia programu yenyewe. Wala msishangae mkipunguza muda wa kutunza na diski ikabaki imejaa vilevile: katika programu za mafungu huondolewa orodha kwanza, na data hukaa hadi fungu litakapoandikwa upya. (Jambo hili huwachanganya hata mafundi.)

Kabla ya kumlipa fundi, mwulizeni nakala zitadumu siku ngapi, diski ikijaa programu itafanya nini, na taarifa itamfikia nani. Kisha arejeshe faili moja mbele ya macho yenu. Asipoweza, kwa maoni yetu kazi haijakamilika. Kumbukumbu za miaka iliyofungwa zihamishieni kwenye diski nyingine ambayo programu haitaigusa, muiandike mwaka kwa kalamu, na muitunze mahali palipo mbali na kompyuta.