Tunachouza Baada ya Misa

(Hotuba kwa kamati za parokia)



Ndugu wajumbe wa kamati na wafadhili wetu wapendwa, kila ninapogusia suala la soda ukumbini, naulizwa swali moja: tukipunguza kuuza, fedha za mfuko wa vijana zitatoka wapi? Ni swali la haki. Naomba kulijibu kwa mfano wa wenzetu wa Marekani.

Huko, katika ofisi za serikali na bustani za umma, kuna mashine ambazo mtu hutumbukiza fedha akapata soda au vitafunwa. Mwaka 2008 Meya wa New York, Michael Bloomberg, alitoa agizo la kuweka viwango vya lishe kwa vyakula vinavyonunuliwa na idara za jiji. Baadaye viwango hivyo vilifika kwenye mashine: vinywaji vyenye sukari nyingi vikapewa nafasi mbili tu, na maji yakawekwa mahali panapoonekana kwanza. Soda haikupigwa marufuku.

Mwaka 2011 mamlaka ya bustani za umma ya Chicago iliamua mashine zake za vitafunwa ziuze vyakula bora kiafya peke yake. Je, walipata hasara? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mauzo ya wastani ya kila mashine kwa mwezi yalipanda kutoka dola 84 hadi dola 371 katika muda wa miezi 15. Shida ilikuwa wauzaji kutofuata masharti kila mara, hivyo ukaguzi ni wa lazima.

Sisi hatuna mashine. Tuna jokofu na meza ya akina mama. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai saba hivi. Jumapili tunawauzia watu soda hiyo, na Jumatatu zahanati inawashauri wagonjwa wa kisukari waiache.

Naomba kila kamati ikubaliane mambo matatu: maji na matunda yakae mbele, soda ikae nyuma, na mjumbe mmoja akague meza na kuandika mapato kila mwezi. Baada ya miezi mitatu tulinganishe hesabu. Mfuko wa vijana ukipungua, tuseme wazi mbele ya wafadhili wetu, tutafute njia nyingine pamoja.

Mungu awabariki.