HESABU YA WATU NI HESABU YA MADAWATI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo twataka kusema habari za hesabu. Msichoke upesi, maana hesabu hizi ni za watoto wetu wenyewe.

Mwaka 1967 Watanzania tulihesabiwa tukawa milioni 12.3. Mwaka 2022 tukahesabiwa tena, tukawa 61,741,120. Yaani tumekuwa mara tano. Ndugu zetu wa Kenya mwaka 1969 walikuwa milioni 10.9, na mwaka 2019 wakawa 47,564,296. Basi tulianza safari karibu sawasawa.

Lakini tazameni mwendo wa sasa. Tangu 2012 hata 2022 sisi tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Kenya, tangu 2009 hata 2019, waliongezeka kwa asilimia 2.2. Mtu atauliza: tofauti ya moja ni kitu gani? Ni kitu kikubwa! Kwa mwendo wetu watu huwa maradufu katika miaka 22 hivi. Kwa mwendo wao ni miaka 32. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yaonyesha kwamba ifikapo mwaka 2100 Kenya itakuwa na watu kiasi cha milioni 100, na Tanzania zaidi ya milioni 200.

Sasa, kuhesabu vichwa peke yake ni kazi ya mchunga ng'ombe. Taifa halina budi kuuliza: vichwa hivyo vina nini ndani? Wako wataalamu katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, katika Kituo cha Wittgenstein, ambao hukadiria watu wa kila nchi mpaka mwaka 2100 kwa umri, kwa wake na waume, na kwa kisomo. Njia yao ni nyepesi kuifahamu. Msichana wa miaka 20 aliyemaliza sekondari leo, baada ya miaka 30 atakuwa mama wa miaka 50 mwenye kisomo kile kile. Rika hutembea na kisomo chake mpaka kaburini. Kwa hiyo watu wazima wa mwaka 2060 wengi wao wamekwisha kuzaliwa, nao wako madarasani sasa hivi, au wako nje ya madarasa.

Tena kisomo cha mama hubadili idadi yenyewe. Uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke asiyesoma huzaa kwa wastani watoto 6.3, na aliyepita sekondari 2.8. Kwetu, uchunguzi wa 2015-16 ulionyesha 6.9 kwa asiyesoma, na 3.6 kwa aliyefika sekondari au zaidi. Mipaka ni miwili, lakini jambo ni moja.

Wala asidhani mtu kwamba Kenya walizaliwa hivyo. Mwaka 1977-78 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8.1. Mwaka 2022 alikuwa amefika 3.4, na sisi mwaka huo huo tulikuwa 4.8. Lakini hata mwendo wao uliwahi kusimama: mwaka 1998 walikuwa 4.7, na mwaka 2003 wakawa 4.9. Mwaka 2019 wataalamu Kebede, Goujon na Lutz walichungua nchi za Afrika, wakaona kwamba kusimama kwa namna hiyo kulitokana kwa sehemu na kuvurugika kwa masomo ya wasichana katika miaka ya 1980. Deni la darasa halilipwi mwaka ule ule. Huja kudaiwa baada ya miaka ishirini.

Wenzetu wengine watasema: je, mwataka tuogope watoto? La, hasha! Hatusemi kwamba watu wengi ni balaa. Twasema kwamba milioni 200 waliosoma ni jeshi la kujenga nchi, na milioni 200 wasiosoma ni mzigo walioubebeshwa na sisi. Wala hatusemi kisomo peke yake chatosha. Mama aliyesoma ahitaji zahanati, na kijana aliyesoma ahitaji kazi. Bila hayo cheti ni karatasi tu.

Mambo mema yamefanyika. Mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua ameruhusiwa kurudi shuleni. Lakini ruhusa ya serikali haimfikishi mtoto darasani ikiwa baba amekwisha kupokea mahari, au ikiwa shule iko mbali na njia ni pori.

Basi twawaomba jambo moja. Kila tawi lihesabu wasichana wa kata yake waliomaliza darasa la saba, lihesabu na walioingia kidato cha kwanza, kisha liulize kwa jina la kila mmoja: huyu yuko wapi? Tukijua jibu, tutakuwa tumeshika kalamu inayoandika mwaka 2060. Tusipojua, wengine watatukadiria, nasi tutasoma habari zetu kama wageni.