Sanduku la Bati na Historia ya Vyama Vyetu

Mazungumzo na waumini pamoja na wanaharakati wa mageuzi, Mackinnon Road



Nimeombwa nizungumze juu ya kumbukumbu za vyama vya siasa na za wanasiasa wa uliokuwa Mkoa wa Pwani. Najua wamo humu wanaojiuliza kwa nini tuache habari za maji na mashamba tuketi kusemezana juu ya makaratasi makuukuu. Niwieni radhi kidogo, sababu mtaiona.

Mahali hapa tulipo pana somo lake. Mji huu ulipewa jina la Sir William Mackinnon, yule tajiri wa Kiskoti aliyeongoza kampuni ya Imperial British East Africa kabla reli haijafika. Mwaka 1947 Waingereza walianza kujenga hapa bohari kubwa ya jeshi, kisha wakaiacha. Ikaja Hali ya Hatari. Baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, maelfu ya watu walisombwa na kufungiwa hapa na kule Manyani pasipo kufikishwa mahakamani. Leo anayetaka kujua walikuwa nani na walitendewa nini hulazimika, kwa sehemu kubwa, kusoma maandishi ya wale waliowafunga.

Na maandishi hayo nayo yalifichwa. Uhuru ulipokaribia, wakoloni walichoma baadhi ya majalada na mengine wakayasafirisha hadi kwao. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wakidai haki yao mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada ya Kenya yapatayo 1,500 yalikuwa yamewekwa mahali paitwapo Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani yake. Wazee wale walikuwa na makovu mwilini tangu zamani; makaratasi yalipotokea, wakapata shahidi wa pili ambaye serikali haikuweza kumwita mwongo, kwa kuwa alikuwa wake mwenyewe.

Serikali ile, kwa ubaya wake wote, iliandika. Vyama vyetu je?

Kuanzia mwaka 1955 Mwafrika aliruhusiwa kuunda chama cha siasa katika wilaya yake tu, si cha nchi nzima. Kila chama kilipaswa kuandikishwa, na kila mkutano wa hadhara ulihitaji kibali. Kwa hiyo mtu afunguaye majalada ya wilaya katika Makavazi ya Taifa, pale Moi Avenue, Nairobi, hukutana na chama kwa macho ya aliyetumwa kukipeleleza: fulani alihutubia, watu walikuwa kadhaa, neno hili lilionekana la uchochezi. Waliyokubaliana wanachama wenyewe baada ya umati kutawanyika na taa ya chemni kuwashwa, mara nyingi hayamo.

Mtazameni Ronald Ngala. Alikuwa mwalimu, na mwaka 1949 kilichapishwa kitabu chake Nchi na Desturi za Wagiriama, maana alitambua kwamba kisichoandikwa hupotea na wazee. Mwaka 1960 akawa rais wa KADU. Mwaka 1963, katiba ya majimbo ilipoanza, akawa rais wa Bunge la Jimbo la Pwani. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ikavunjwa na watu wake wakajiunga na KANU. Mabunge ya majimbo yakageuzwa mabaraza ya mikoa yasiyo na meno, na mwaka 1968 nayo yakafutwa. Maneno aliyoyasema Ngala katika Bunge la Taifa yamo katika Hansard. Lakini chama kikivunjwa, nani hurithi madaftari ya matawi yake? Sheria ya nyaraka ya mwaka 1965 ilijali makaratasi ya serikali. Daftari la tawi lilibaki kwa yeyote aliyekuwa amelishika siku ile.

Mimi niliwahi kuliona moja. Mzee aliyekuwa katibu wa tawi la KADU alifariki, nami baada ya matanga nikaonyeshwa sanduku lake la bati. Ndani zilikuwamo kadi, stakabadhi za ada, na daftari la shule lililojaa mwandiko mzuri wa kalamu ya wino. Ukurasa mmoja walijadili nani alipe tairi la baiskeli ya katibu. Ukurasa uliofuata walibishana vikali juu ya ardhi ya malisho, na wamo waliokataa pendekezo la mwenyekiti, majina yao yameandikwa. Nikasema nitarudi nilinakili kwa utulivu. Nilirudi baada ya miezi minane. Kadi zilikuwapo, daftari lilikwisha kwenda kwa muuza karanga. Simlaumu mtu wa nyumba ile. Nilikuwa na kalamu mfukoni siku ya kwanza.

Hasara ya daftari kama lile si ya wanahistoria peke yao. Wakumbukeni waliokufa Agosti 1997. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa usiku wa tarehe 13, fujo zikaenea kusini mwa pwani, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha na maelfu wakakimbia makwao, wengi wao wakijisitiri katika ua wa kanisa Katoliki la Likoni. Vijikaratasi vilisambazwa vikiwaamuru watu wa bara waondoke, na neno majimbo likatajwa kana kwamba maana yake ni panga. Nani angeweza kusimama sokoni na kusema, hebu tusome majimbo yenyewe yalisema nini? Katiba ya mwaka 1963 ilizipa sehemu za nchi mabunge yao na madaraka juu ya mambo kama shule na afya, na katiba hiyo hiyo ilikuwa na sura nzima ya kulinda haki za kila mtu. Sitawadanganya: wapo watetezi wa majimbo waliotamka maneno makali juu ya ardhi na wageni. Hayo nayo tunayahitaji, pamoja na majina ya waliowapinga ndani ya chama chao wenyewe. Tumebaki na uvumi wa pande mbili, na uvumi hauna ukurasa wa kuufungua.

Nasi wa vyama vingi tusijivune. Siku za chama kimoja watu walifungwa kwa kukutwa na chapisho lililopigwa marufuku. Familia nyingi zikajifunza kuchoma kwanza na kuuliza baadaye. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, mazoea hayakufutwa pamoja nacho. FORD ilipogawanyika mwaka 1992 tuligombania ofisi na majina, sikumbuki aliyegombania madaftari. Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili, na chama kisichosajiliwa huacha makaratasi machache zaidi, mengi yakiwa katika majalada ya polisi.

Kwingine wamefanya vinginevyo. Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, serikali ya Tommy Douglas iliunda bodi ya nyaraka ya jimbo mwaka 1945. Makaratasi ya Douglas mwenyewe yamehifadhiwa humo, na ya wanasiasa wa vyama vilivyompinga pia. Hapa kwetu, Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inakitaka chama kiweke orodha ya wanachama, katiba yake na hesabu zilizokaguliwa, makao makuu na katika ofisi za kaunti. Ni jambo jema. Barua na kumbukumbu za mikutano ya matawi, ambamo siasa hasa hufanyika, zimeachwa kwa hiari ya katibu na huruma ya mchwa.

Kanisa linajua kutunza kitabu. Daftari la ubatizo hatulifungii karanga. Basi naomba kabati moja, lililoinuliwa sakafuni, katika chumba ambacho hakivuji. Lipokee makaratasi ya chama chochote, hata kile ulichokipigia kura ya hapana. Msiyapange upya, yaacheni katika mpangilio aliouacha mwenyewe. Andikeni yalitoka nyumba gani na siku gani, mwenye nyumba atie sahihi kwamba amekubali, na asiyetaka kuyatoa aombwe ruhusa yapigwe picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, naye abaki na mali yake. Pini na klipu za chuma ziondolewe, maana kutu hula karatasi. Makavazi ya Taifa yana kituo Mombasa. Tukiwa na orodha iliyo tayari, tutakwenda kuzungumza nao kama watu wenye kitu mkononi.

Anayejua nyumba yenye sanduku aje aniambie sasa, kabla ya mvua. Nina karatasi na kalamu hapa, na gari langu la kurudi Mombasa ni la saa kumi.