Tuliyoyaona Kwenye Video: Nani Aliyaunga?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya vijana na akina mama, Tabora)

Tumeombwa tuzungumze juu ya namna filamu na vipindi vya televisheni vinavyotengenezwa, hasa ule ujanja wa kukata, kuunga na kubadilisha picha. Huenda mtu anajiuliza: sisi watu wa visima, mashamba darasa na vikundi vya kuweka na kukopa, mambo ya filamu yanatuhusu nini? Mtuvumilie. Yanatuhusu, tena kwa habari ya uhai wa watu.

Katika vijiji tunavyotembelea tumesikia zaidi ya mara moja maneno haya: "Uchawi upo, hata kwenye video tumeuona." Msemaji amemwona bibi akitoweka katikati ya uwanja, au moto ukitoka mkononi mwa mganga. Anasema ameona kwa macho yake, na kweli ameona. Hatukuja hapa kubishana juu ya mambo ya rohoni. Tunauliza swali moja tu: kile alichokiona kilitengenezwaje?

Mtu anatowekaje?

Kamera inawekwa juu ya stendi isitikisike. Bibi anasimama uwanjani, kamera inachukua. Kisha kamera inasimamishwa, bibi anatoka zake na kwenda kunywa chai. Kamera inawashwa tena na kuchukua uwanja mtupu. Mhariri anaunga vipande viwili, na bibi ametoweka. Hakuna zaidi ya hapo.

Jambo hili ni la zamani. Mfaransa Georges Méliès, aliyekuwa mwanamazingaombwe mjini Paris, alisimulia kwamba mwaka 1896 kamera yake ilikwama alipokuwa akipiga picha barabarani. Alipoitazama picha baadaye, aliona basi la farasi limegeuka gari la maiti. Alielewa mara moja, na mwaka huohuo akatoa filamu ya mwanamke anayetoweka kitini. Watu wa Paris walishangaa kama wanavyoshangaa watu wa Sikonge au Urambo.

Na ule moto mkononi? Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Mwigizaji ananyosha mkono mtupu, na picha ya moto inapachikwa juu yake baadaye. Au mwigizaji anasimama mbele ya kitambaa cha kijani, kompyuta inaamriwa kuondoa rangi ya kijani, na mahali pake panawekwa bahari, mawingu au makaburi. Filamu zetu za Bongo nazo zimejaa mambo haya. Waliotazama Shumileta ya Mussa Banzi, iliyotoka mwaka 2005, wanakumbuka yule jini mwanamke. Ilikuwa hadithi, na watengenezaji waliitoa kama hadithi. Si kosa lao mtu akiifanya ushahidi.

Tusidharauliane

Hapa tuwe waangalifu. Wakati wa ukoloni walikuwapo waliosema Mwafrika hawezi kuelewa filamu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ulikuwapo mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukihusishwa na Baraza la Kimataifa la Misioni. Baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo cha filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alifundisha kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, na ujanja wa kamera uepukwe, kwa kuwa hawataufahamu.

Sisi hatusemi hivyo. Anayedanganywa na kiungo cha picha si mjinga. Hajaonyeshwa kiungo kilipo, basi. Dawa yake ni kumpa kamera aunge mwenyewe, wala si kumficha asione.

Filamu ya njia yetu wenyewe

Wengi wenu mmefika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, kuliona tembe ambalo Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872. Mwaka 1939 kampuni moja ya Marekani ilitoa filamu juu ya watu hao wawili. Stanley aliigizwa na Spencer Tracy. Anaonekana akikanyaga nyika ya Afrika, lakini Tracy hakufika Afrika kwa kazi hiyo. Kikosi kingine kilitumwa Afrika Mashariki kuchukua picha za safari, na mtu mwingine akivaa kama Stanley na kuonekana kwa mbali. Sura ya Tracy ilichukuliwa Marekani, kisha vipande vikaunganishwa vikawa safari moja.

Tujifunze hapo: kiungo kinaweza kuziba bahari nzima. Tena kukata ni kuchagua nani aonekane. Njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilitembewa na maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, babu zetu. Ni wangapi kati yao tunawajua kwa sura au kwa jina?

Kiungo kinachoua

Sasa tuingie kwenye kiini. Karibu mwaka 1920 Mrusi Lev Kuleshov alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha lolote. Akaiunga na sahani ya supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisema mwigizaji huyu anajua kuonyesha njaa na anajua kuonyesha huzuni. Uso ulikuwa uleule. Maana ilitoka kwenye kiungo.

Ndugu zetu, kichwa cha mwanadamu nacho ni chumba cha kuhariri. Kipande cha kwanza: bibi mwenye macho mekundu amekaa mlangoni. Kipande cha pili: mtoto wa jirani anaumwa. Hakuna aliyeona bibi akifanya kitu, lakini watu wameshaunga. Macho yale yamekuwa mekundu kwa miaka arobaini ya moshi wa kuni, na mtoto ana malaria. Kwa kiungo cha namna hiyo, vikongwe wameuawa Tabora, Shinyanga na Mwanza.

Kiungo kingine ni cha muda. Kwenye filamu, maskini anaingia kwa mganga. Mkato. Anatoka kwenye gari jipya. Miaka ya kulima, kukopa na kulipa imekatwa. Tunakumbuka mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2007. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino. Hatusemi filamu ndiyo iliyoua. Tunasema kwamba wauaji walinunua ahadi yenye umbo lilelile: kiungo cha mwili upande huu, utajiri upande ule, na katikati hakuna kazi.

Nasi tujikague

Tusiwanyoshee wengine kidole tu. Nasi tuliwahi kutengeneza video ya mradi wa maji. Tulionyesha bwawa la matope, kisha bomba linalotoka maji safi. Tulipoirudisha kijijini, mama mmoja akauliza, "Na ile miezi pampu ilipokufa mmeiweka wapi?" Tulikuwa tumeikata. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba tatizo nalo libaki kwenye picha.

La kufanya

Tunapendekeza kila kikundi kifanye zoezi hili. Pateni simu yenye kamera na programu ya kuhariri. Iegemezeni mahali isitikisike. Mchukueni kijana amesimama, kisha mahali palepale bila yeye, na muunge. Wazee waalikwe kutazama, tena wao ndio washike simu. Mkimaliza, mchukueni mmoja wenu akiwa ametulia, muunge uso wake na mtoto anayelia, kisha na sahani ya ugali. Waulizeni watu wameona nini, kisha waonyesheni kiungo.

Zoezi hili lina haraka, maana sasa kompyuta inaweza kumsemesha mtu maneno ambayo hakuyasema, na video hiyo ikafika kwenye simu za kijiji kizima kabla ya jogoo kuwika.

Ikitokea mtu amesimama mkutanoni akasema, "Hata kwenye video tumeona," msimcheke. Mwulizeni kwa upole: "Ndugu yetu, nani aliunga?" Swali hilo moja laweza kumwacha bibi wa mtu akalala salama usiku huo.