Soda na Vijana Wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Machakos)



Leo hatukusimama kusema juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya soda, na msicheke, maana habari hii nayo mwisho wake ni mshahara.

Coca-Cola ilianza kutengenezwa Kenya mwaka 1948. Kwa miaka mingi soda ilikuwa kitu cha Krismasi na arusi. Leo kijana wa miaka 15 akishuka basi hapa Machakos haendi mbali kabla ya kukutana na duka lililopakwa rangi ya kampuni ya soda, jina la mwenye duka likiwa dogo pembeni. Rangi ile si zawadi ya bure. Mtoto huisoma kabla hajajua kusoma kitabu.

Lakini tusilaumu matangazo peke yake. Ukambani ni nchi kavu. Pale mfereji wa shule unapokauka, duka la karibu na lango lina soda baridi, na kiu haingoji. Tena kuna sisi wazazi. Mgeni wa heshima akifika, mtoto hutumwa soda. Maji twaona haya kumpa. Mtoto aliyekua akiona hivyo, siku apatapo shilingi zake hujipa heshima ile ile mbele ya wenzake. Hataki kuonekana na uji wa nyumbani. Kwa mawazo yetu, jambo hili lina nguvu kuliko rangi zote za ukutani.

Sasa hesabu. Chupa ya mililita 300 ina sukari gramu 32 hivi, yaani vijiko 8 vya chai. Ya nusu lita hupita gramu 50. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo ambacho kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku nzima. Chupa moja imekwisha kumaliza, na chai ya jioni bado! Meno huoza; ugonjwa wa sukari huja polepole, na dawa zake hununuliwa mwezi kwa mwezi, kwa mshahara ule ule tunaougombania.

Hatuna ugomvi na ndugu zetu wa viwanda vya soda. Nao ni wafanya kazi, wana watoto.

Twaleta maombi mawili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa mahali pa kazi. Vijana waliotoka shule wakaingia vibarua hununua soda saa sita kwa kukosa maji hayo. Wajumbe wa kila kiwanda na waandike ni wapi hayapo, walete orodha kwa katibu.

La pili ni sherehe ya watoto wa wanachama mwezi wa Desemba. Kamati imetenga fedha za makreti ya soda. Mwezi huo maembe yetu yameiva, mengine yanaoza chini ya miti. Twaomba fedha hizo zinunue maembe, uji na maji ya kutosha. Wanaopinga na wanyoshe mikono sasa, tuwasikie.