Kumpima Mgonjwa Kabla ya Kulipasua Pafu Lenye Saratani



Mada niliyopewa yataka nianze kwa kueleza saratani ya mapafu ni maradhi gani. Lakini kwa kuwa hapana ukumbini humu asiyeyajua hayo, nitayapita upesi. Pafu la kulia lina mafungu 3, la kushoto 2, nayo kwa jumla yagawanyika vipande 19. Mpasuaji huondoa fungu moja, au, ikimlazimu, pafu zima, kama alivyofanya Evarts Graham huko St. Louis, Marekani, mwaka 1933, na mgonjwa wake, ambaye naye alikuwa tabibu, akapona. Moyo hupimwa, damu hupimwa, na mvutaji huamrishwa aache tumbaku. Hayo yatosha.

Linalonikera kwa miaka mingi ni pumzi. Aghalabu jalada hunifikia likiwa limeandikwa "anafaa kupasuliwa", nami nikilipekua ukurasa baada ya ukurasa sioni tarakimu hata moja ya kipimo cha kupuliza, ghairi ya picha ya kifua na sahihi ya mtu aliyemtazama mgonjwa akiwa ameketi. Hapana mapafu yanayofedheheka kitini.

Hata wapimao hukosea hesabu. Kanuni mashuhuri yasema: chukua pumzi aitoayo mgonjwa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, uizidishe kwa vipande vitakavyobaki, uigawe kwa 19. Mathalan, mwenye lita 1.8 atakayeondolewa fungu la juu la kulia, lenye vipande 3, atabakiwa na lita 1.5 hivi. Lakini kanuni hiyo yadhani kwamba kila kipande chafanya kazi, na kwetu, ambako kifua kikuu kimeacha makovu vifuani mwa watu wengi, dhana hiyo ni ghururi: iwapo fungu la chini la upande ule ule, lenye vipande 5, liliharibika zamani, basi vipande vizima ni 14, vitabaki 11, na pumzi itashuka hadi lita 1.4, na kinyume chake, ikiwa fungu lililoharibika ndilo lenye uvimbe, mgonjwa hapotezi kitu kikubwa, naye huenda akanyimwa bure upasuaji ambao ungemwokoa.

Nitaambiwa mashine ni ghali. Sikatai, ya kupima jinsi hewa inavyoingia damuni ni adimu, na si kazi yangu kuilaumu hazina. Ngazi je? Mgonjwa apandaye mita 22 kwenda juu pasipo kusimama, hatari yake ni ndogo. Kwa vidato vya sentimita 16, hivyo ni vidato 138. Kupanda ghorofa moja, kushuka, kisha kupanda tena si kipimo kile, ijapokuwa nimekiona kikiandikwa hivyo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba jalada lisilo na kipimo cha kupuliza lirudishwe lilikotoka. Kwamba vipande vilivyokufa visihesabiwe. Kwamba kidato cha ngazi kipimwe kwa rula. Kwamba daktari wa nusukaputi aitwe siku ya uamuzi, si asubuhi ya upasuaji. Kwamba mgonjwa aelezwe hatari yake kwa lugha aifahamuyo. Kwamba aliyepata kuugua kifua kikuu aulizwe lini na upande gani. Na, kwa mara ya pili, kwamba jalada lisilo na kipimo lirudishwe. Waganga wakuu mliohudhuria, nawaombeni mtakaporejea mlifungue kabati ambamo mashine ya kupuliza imefungiwa, na ufunguo mumkabidhi muuguzi wa zamu.